Simbakubwa wa Meswa Bridge: aliishi vipi, na nini kilimmaliza?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Muhoroni, magharibi mwa Kenya. Wanafunzi wangu wamesikia kwamba zamani sana huku kwetu aliishi simba mkubwa kuliko kifaru, aitwaye Simbakubwa. Mmoja anashikilia kuwa huyo ndiye babu wa simba wa leo. Mwingine anasema simba wa kweli walikuja kutoka Ulaya wakammaliza. Nimeshindwa kuwaamua. Je, mnyama huyu alikuwepo kweli? Aliishi vipi, na kwa nini alitoweka?"

Jibu:

Mwalimu, waambie wanafunzi wako kwamba mnyama huyo alikuwepo kweli, na kwamba mifupa yake ilitoka ardhini huko huko kwenu, Meswa Bridge. Hayo mengine mawili yanahitaji kurekebishwa. Simbakubwa hakuwa babu wa simba. Wala simba hawakummaliza, kwa sababu enzi zake simba alikuwa bado hajatokea popote duniani.

Tuanzie alivyojulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti walichimba Meswa Bridge wakiwa na hamu ya kitu kingine kabisa: masokwe wa kale, wale nyani wasio na mkia ambao ukoo wa binadamu ulichipuka upande wao. Na waliwapata. Mmoja wao mwaka 2009 alipewa jina la Proconsul meswae, kwa heshima ya mahali penyewe. Lakini pamoja na masokwe yalitoka mabaki ya wanyama wengine, likiwemo taya lenye meno makubwa mno ya mla nyama. Mabaki hayo yalipelekwa Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, yakawekwa kwenye droo, na kwa miaka mingi hakuna aliyeyashughulikia sana, maana macho ya wengi yalikuwa kwenye masokwe. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Ohio, Matthew Borths na Nancy Stevens, ndio waliokuja kuyachunguza kwa makini, na mwezi Aprili 2019 wakamtangaza mnyama mpya kwa jina rasmi la Simbakubwa kutokaafrika. Jina hilo la Kiswahili ndilo lililowachanganya wanafunzi wako. Walilichagua kwa ukubwa na ukali wa mnyama, si kwa ukoo wake.

Kilichopatikana ni sehemu kubwa ya taya la chini, sehemu ya taya la juu pamoja na meno yake, na mifupa michache ya miguu ukiwemo wa kisigino. Meno hayajalika sana, na hiyo inaonyesha kwamba mnyama huyu alikufa akiwa kijana aliyekwisha kukomaa, si mzee. Hakuna fuvu zima. Hakuna uti wa mgongo wala mfupa wa paja. Naomba ulikumbuke hili, kwa sababu tutakapofika kwenye suala la uzito ndilo litakaloamua.

Miamba ya Meswa Bridge ina umri wa takriban miaka milioni 22 hadi 23, mwanzoni kabisa mwa kipindi tunachokiita Miosini. Watoto huwa wanaweka kila mnyama wa kale pamoja na dinosaria, kwa hiyo ni vizuri kuwapangia miaka ubaoni. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Simbakubwa alikuja zaidi ya miaka milioni 40 baada yao, kwa hiyo yuko karibu nasi kuliko na wao. Lakini hata hivyo hakuna mtu aliyewahi kumwona: viumbe wa ukoo wetu wa karibu walianza kuonekana katika miamba ya Afrika kama miaka milioni 7 iliyopita. Aliyemwona, na bila shaka kumkimbia, ni yule sokwe wa kale wa Meswa.

Sasa kuhusu ukoo. Simba, chui, fisi, mbwa, dubu, kanu na nguchiro wote wako katika oda moja, yaani kundi moja kubwa la kiukoo, la wanyama wala nyama. Simbakubwa alikuwa wa oda nyingine, Hyaenodonta, ambayo nitaiita hayenodonti. Hawa walikuwa wala nyama pia, lakini waligawanyika na ukoo wa simba zamani sana, kabla hata simba na mbwa hawajaachana. Wengine walikuwa na maumbo yanayofanana na mbwa au fisi, na wapo waliokuwa wadogo kama paka wa nyumbani. Wote wametoweka. Hakuna mnyama hata mmoja aliye hai leo aliyetokana nao, na kwa hiyo mwanafunzi anayesema Simbakubwa ni babu wa simba anazungumzia undugu usiokuwepo. Ikiwa anatafuta ndugu wa simba aliye nje ya oda yake, akamtazame kakakuona, huyu mla mchwa mwenye magamba. Ushahidi wa vinasaba unaonyesha kwamba, miongoni mwa walio hai, hakuna oda iliyo karibu zaidi na wala nyama kuliko ya kakakuona.

Tofauti kati ya koo hizi mbili imeandikwa mdomoni. Mfungue simba kinywa: nyuma ya chonge, kila upande, utaona gego moja kubwa la juu linalopishana na moja la chini kama makasi. Hiyo jozi ndiyo inayokata nyama na ngozi, na ni moja tu kila upande. Wanyama wa oda ya simba wote wamerithi mpangilio huo wa jozi moja. Kwa hayenodonti mambo yalikuwa tofauti: magego yao ya kukatia yalipangana moja nyuma ya jingine. Kwenye taya la chini la Simbakubwa magego yote matatu ya nyuma yana makali, na la mwisho kabisa ndilo kubwa kuliko yote. Kila alipofunga mdomo, nyama ilikatwa mahali kadhaa kwa mkupuo.

Kuna jambo jingine kwenye meno hayo linalonivutia zaidi. Kwa hawa hayenodonti wakubwa, kadiri mnyama alivyozeeka na meno kulika, magego ya juu yalijipinda kidogo kuelekea ndani ya kinywa, hivyo makali yakabaki yanagusana. Fisi au simba mzee anabaki na gego butu. Simbakubwa aliendelea kuwa na kisu mdomoni karibu maisha yake yote. Huu ni mwili uliojengwa kwa kazi moja, na uliijua kazi hiyo barabara. Tutalirudia hili mbele, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya habari ya kutoweka kwao imejificha hapo.

Je, alikuwa mkubwa kuliko kifaru? Hapa nakuomba uwe mwangalifu sana, maana ndipo vichwa vya habari vilipovuka mpaka. Wagunduzi walisema kwamba kichwa chake kilikuwa kikubwa kama cha kifaru, na kwamba kwa makadirio ya juu aliweza kumzidi uzito dubu mweupe wa ncha ya Kaskazini. Kutoka "kichwa kama cha kifaru" hadi "mkubwa kuliko kifaru" ni hatua fupi ya ulimi lakini ndefu sana ya ushahidi.

Uzito wa mnyama aliyetoweka hukadiriwa kwa kupima mfupa au jino, kisha kutumia uwiano uliopatikana kwa wanyama ambao uzito wao unajulikana. Njia iliyo bora ni kupima mifupa ya miguu, kwa sababu miguu ndiyo inayobeba mwili: mfupa wa paja hauwezi kudanganya sana. Simbakubwa hatuna paja lake. Tuna meno. Na meno ya nani yatumike kama kipimo? Ukitumia uwiano mmoja unapata mnyama wa kilo 280 hivi, yaani mzito kuliko simba dume wa Serengeti lakini si kwa mbali sana. Ukitumia uwiano mwingine, unaotokana na wala nyama wakubwa wa leo, unapata kilo 1,500. Namba zote mbili zimetokana na meno yale yale, na zote mbili zimo kwenye utafiti wa 2019. Magazeti yalichukua ya pili peke yake.

Mimi naegemea upande wa chini wa katikati. Sababu yangu ni kwamba hayenodonti walikuwa na vichwa vikubwa kupita kiasi kulingana na miili yao. Mifupa kamili ya wenzao waliopatikana Ulaya na Amerika Kaskazini inaonyesha hivyo waziwazi: kichwa kirefu, shingo nene, mwili ambao haukui kwa kadiri ile ile. Ukichukua meno ya kichwa kikubwa namna hiyo ukayasoma kana kwamba ni ya simba, lazima utapata mwili mkubwa kuliko uliokuwepo. Ndugu yake, Megistotherium wa Gebel Zelten nchini Libya, aliyeelezwa na R. J. G. Savage mwaka 1973, ana fuvu lenye urefu wa karibu sentimita 66, na yeye pia makadirio yake ya uzito yameshuka kadiri wataalamu walivyoendelea kumchunguza. Hata hivyo, wanafunzi wasivunjike moyo. Mla nyama wa kilo mia kadhaa, mwenye kichwa kirefu na safu ya visu pande zote mbili, ni mnyama ambaye hakuna wa kumlinganisha naye katika mbuga zetu za leo. Hahitaji kutiwa chumvi.

Kuhusu maisha yake, tuangalie kwanza nchi aliyoishi. Tinderet, ule mlima mnaouona upande wa mashariki, ulitokana na volkano ambayo ilikuwa hai kwa muda mrefu sana katika Miosini. Ulimwaga majivu yenye chokaa nyingi, na majivu hayo ndiyo yaliyofunika mifupa na kuihifadhi, siyo Meswa Bridge tu bali pia Koru, Songhor na baadaye Fort Ternan. Ndiyo maana eneo lenu ni moja ya sehemu muhimu sana duniani kwa kuelewa wanyama wa wakati huo. Bonde la Ufa lilikuwa bado changa. Zamani tulidhani Afrika Mashariki yote ilikuwa msitu mnene mfululizo, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2023, ukihusisha maeneo kadhaa ya Kenya na Uganda likiwemo Moroto, umeonyesha kuwa nyasi za maeneo ya joto zilikwisha kuwepo zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, zikichanganyika na misitu. Nchi yake basi ilikuwa na miti mingi lakini pia sehemu za uwazi.

Na nchi hiyo ilikuwa kisiwa, au tuseme ilikuwa ndiyo kwanza inaacha kuwa kisiwa. Kwa makumi ya mamilioni ya miaka Afrika na Bara Arabu zilikuwa pamoja, zimetengwa na Ulaya na Asia kwa bahari ya kale iitwayo Tethysi. Katika kutengwa huko wanyama wetu wakakua kwa njia zao wenyewe. Tembo wa mwanzo ni wa hapa. Pimbi, ambao leo ni wadogo kama sungura na hujificha kwenye mapango ya mawe, walikuwa na jamaa zao wakubwa waliokula majani kama swala na nguruwe wanavyofanya leo. Walikuwepo pia antrakotheri, wanyama wa majimaji wenye umbo la kati ya nguruwe na kiboko. Na wakati wote huo, aliyekaa juu ya hao wote kama mwindaji mkuu hakuwa wa ukoo wa simba. Walikuwa hayenodonti. Huko Fayum, Misri, wamepatikana wengi wa umri wa miaka milioni 30 na zaidi, na mwaka 2025 timu ya Wamisri wa Chuo Kikuu cha Mansoura ikiongozwa na Shorouq Al-Ashqar ilitangaza fuvu karibu zima la mmoja wao, Bastetodon, mwenye ukubwa wa chui hivi. Kusini mwa Tanzania, katika bonde la Rukwa karibu na Mbeya, kuna mdogo zaidi aitwaye Pakakali rukwaensis, wa miaka milioni 25 iliyopita, aliyeelezwa mwaka 2017 na Borths na Stevens hao hao. Kwa hiyo Simbakubwa hakudondoka kutoka mbinguni. Alitoka katika ukoo wa Kiafrika uliokuwa umekwisha kutawala hapa kwa muda mrefu kuliko simba walivyowahi kutawala.

Alikula nini? Meno yake hayatoi nafasi ya kubahatisha sana: nyama, karibu nyama tupu. Meno yaliyo mbele ya magego, ambayo ni manene, yaliweza kuvunja mifupa kiasi, ingawa hakuwa mtaalamu wa mifupa kama fisi madoa. Meswa Bridge yenyewe imetoa mabaki ya Eozygodon, jamaa wa kale wa tembo, na wakati huo walikuwepo pia antrakotheri na pimbi wakubwa. Ndama na wadogo wa wanyama hao, wagonjwa wao, na mizoga yao, nadhani ndiyo ilikuwa riziki yake. Sioni sababu ya kumfanya mwindaji safi asiyegusa mzoga. Hakuna mla nyama mkubwa wa leo anayeringia mzoga, na mnyama mwenye kichwa cha ukubwa ule angeweza kumfukuza yeyote kwenye windo lake.

Mbio sizioni. Mfupa wa kisigino unaonyesha mguu ulio kati ya aina mbili: hakukanyaga kwa unyayo wote kama dubu, wala hakusimama juu ya vidole moja kwa moja kama mbwa. Ni mguu wa mnyama anayetembea sana na kuvizia, anayeweza kuruka mbele ghafla, si wa kumfukuza swala kilomita nzima. Halafu kuna kifundo cha mkono. Wanyama wa oda ya simba wana mifupa miwili ya kifundo iliyoungana kuwa mmoja, hali ambayo kwa hayenodonti haikuwepo. Simba hukamata na kuangusha kwa makucha, mdomo ukifuata. Hayenodonti, kwa kadiri ya mifupa ya mikono ya ndugu zake inavyoonyesha, hawakuweza kugeuza viganja kwa wepesi kama paka, na kazi ya kukamata, kushikilia na kuua waliiachia kichwa. Hilo linaeleza kwa nini kichwa kilikuwa kikubwa vile na shingo nene vile.

Kama aliishi peke yake au kwa kundi, mifupa ya mnyama mmoja haiwezi kusema, na wanaochora makundi ya Simbakubwa wanachora mawazo yao.

Sasa tufike kwenye kutoweka, na hapa nitajibu polepole, maana mwanafunzi wako wa pili ameshika kipande cha kweli. Ni kweli kwamba wageni walikuja kutoka kaskazini. Afrika na Bara Arabu zilisogea hadi zikagusana na Asia, bahari ya Tethysi ikafungika upande wa mashariki, na kuanzia kama miaka milioni 20 iliyopita wanyama wakawa wanapita kwa miguu, kwa awamu. Tembo wetu walitoka wakaenda Ulaya na Asia. Walioingia ni pamoja na vifaru, jamaa wa swala na twiga, na wala nyama wa oda ya simba.

Lakini angalia wageni hao walikuwa akina nani. Wengine walikuwa wadogo, kama Kichechia, jamaa wa kanu aliyepatikana Songhor na Rusinga, kile kisiwa cha Ziwa Victoria. Paka wa kweli wa mwanzo kabisa kutoka Rusinga, Asilifelis, alikuwa mdogo pia. Wakubwa walikuwepo: mbwa-dubu wa jenasi Cynelos, na wanyama wa chonge ndefu wanaofanana na paka bila kuwa paka. Hao ndio wangeweza kushindana na hayenodonti. Simba hayumo katika orodha hiyo. Paka wakubwa wa jenasi ya simba hapa kwetu tunawaona Laetoli, Tanzania, katika tabaka za miaka milioni 3.5 hivi, na kufikia hapo hayenodonti wa mwisho duniani walikuwa wametoweka mamilioni ya miaka.

Wazo kwamba wageni "walikuja wakawamaliza" lina matatizo mengine mawili. La kwanza ni muda. Baada ya wageni kuingia, hayenodonti wa Afrika Mashariki hawakuporomoka. Rusinga, Songhor na Napak huko Uganda, kati ya miaka milioni 20 na 17 iliyopita, wako wengi, wa ukubwa mbalimbali, wakiishi na wageni hao hao. Ndugu wakubwa wa Simbakubwa, Hyainailouros na Megistotherium, waliendelea kuwepo mamilioni ya miaka baada yake. La pili ni kwamba njia ilikuwa ya kwenda na kurudi. Hyainailouros alivuka akaenda kaskazini, na mabaki yake yamepatikana Ufaransa na Uswisi, katikati ya nchi za hao wanaodaiwa kuwa wauaji wake. Aliingia kwao na akaishi. Zaidi ya hapo, hayenodonti wengine wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini walikwisha kuishi bega kwa bega na oda ya simba kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Ikiwa ushindani peke yake ungetosha kuwaua, wasingesubiri muda wote huo.

Ninachokiona mimi ni mambo matatu yaliyokaza kwa pamoja, na la kwanza ni mawindo. Pimbi wakubwa na antrakotheri walipungua, na nafasi yao ikachukuliwa na jamaa wa swala, wanyama wenye miguu mirefu na mbio, wanaokaa kwa makundi. Ukitoka Meswa Bridge hadi Fort Ternan unatembea mwendo mfupi tu, lakini kwa wakati umeruka miaka milioni 8 au 9, na wanyama unaowakuta huko, wa karibu miaka milioni 14 iliyopita, ni wengine: jamaa wa swala na wa twiga wamejaa. Mwindaji mzito wa kuvizia, anayekamata kwa mdomo, aliumbwa kwa ajili ya wale wa kwanza.

La pili ni hali ya hewa. Kulikuwa na kipindi cha joto kubwa duniani, kati ya miaka milioni 17 na 14 iliyopita. Baada yake barafu ya Antaktika iliongezeka, dunia ikaanza kupoa, na Afrika Mashariki ikazidi kukauka na kufunguka. Maficho yalipungua. Kwa anayewinda kwa kuvizia, kichaka ni nusu ya silaha.

La tatu ni mwili wake mwenyewe, na ndilo ambalo mimi nalipa uzito zaidi. Mla nyama anapofikia ukubwa fulani hawezi tena kuishi kwa panya, mijusi na matunda. Chakula hicho hakimlipi gharama ya kukitafuta. Anafungwa kwa mawindo makubwa. Wanyama wa namna hiyo huwa wachache siku zote, huhitaji eneo kubwa, na huzaa polepole. Utafiti wa Blaire Van Valkenburgh na wenzake uliochapishwa mwaka 2004, kuhusu jamaa za mbwa wa kale wa Amerika Kaskazini, ulionyesha kwamba wale waliokuwa wakubwa na kutegemea nyama tupu walidumu muda mfupi kuliko wenzao waliokula mchanganyiko. Sasa wanyama wa oda ya simba wana jozi ile moja tu ya magego ya kukatia, na magego ya nyuma yake yako huru: dubu ameyageuza kuwa ya kusagia, mbwa na kanu wanayatumia kwa matunda na wadudu. Ukoo mmoja ukifa kwa kung'ang'ania nyama, mwingine unachipuka kutoka kwa wale wanaokula kila kitu. Hayenodonti wa aina ya Simbakubwa walikwisha kugeuza magego yote kuwa visu. Hawakubakiza gego la kuanzia upya.

Nisiseme kana kwamba hili linafunga kesi. Kulikuwa na hayenodonti mmoja wa ajabu, Teratodon, huko huko Koru na Songhor, aliyekuwa na meno mapana ya kupondea vitu vigumu. Yeye hakufungwa na nyama tupu, na bado alitoweka, tena mapema. Kwa hiyo meno yanaeleza mengi kuhusu majitu, lakini hayaelezi ukoo wote, na kwa wale wadogo nadhani ushindani wa wageni, wale kina Kichechia na wenzake, ulikuwa na nguvu kuliko kwa wakubwa. Ukoo mmoja unaweza kufa kwa sababu tofauti katika matawi tofauti.

Simbakubwa mwenyewe, kama spishi, tunamjua kutoka Meswa Bridge peke yake. Baada ya hapo tunawaona ndugu zake. Majitu yalififia katika Miosini ya kati na kuelekea mwisho wake. Hayenodonti wa mwisho tunaowajua duniani ni wa jenasi Dissopsalis, mnyama wa kadiri tu, ambaye spishi yake moja iliishi hapa Kenya na nyingine huko Pakistani na India, katika vilima vya Siwalik, hadi kama miaka milioni 9 au 10 iliyopita. Kutoka Simbakubwa hadi huyo wa mwisho ni zaidi ya miaka milioni 12. Wanafunzi wakikuuliza "walikufa siku gani", waonyeshe urefu huo: hakukuwa na siku, wala vita, wala kimondo. Vizazi vilipungua kidogo kidogo, na hakuna mnyama mmoja ambaye angeweza kuhisi kwamba ukoo wake unaisha.

Kuna swali ambalo hukuliuliza lakini naliweka, kwa sababu ninyi mko pale pale. Mfupa mmoja wa paja ungeweza kumaliza mabishano yote ya kilo 280 na kilo 1,500. Mabonde ya huko kwenu bado yanamomonyoka kila msimu wa mvua, na visukuku huendelea kujitokeza. Mwanafunzi akiona kitu kizito kama jiwe lakini chenye umbo la mfupa au jino, asikichimbe wala kukibeba nyumbani. Mfupa uliotolewa kwenye tabaka lake hupoteza umri wake, na mtaalamu hawezi tena kusema ulikuwa wa lini. Apige picha pale pale, aweke kitu cha kupimia ukubwa kando yake, aweke alama ya mahali, kisha wewe uwaarifu Makumbusho ya Taifa. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inamtaka kila anayegundua kitu cha namna hiyo atoe taarifa, na taya la Simbakubwa lenyewe lipo Nairobi leo kwa sababu waliolikuta walilipeleka huko, ingawa hawakuwa wamekuja kulitafuta.